Kanda Iliyofika Makindu

Ndila alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dukani kwa watu, naye yuko nje barabarani, kiondo kizima cha maembe mgongoni na ukanda umembana paji la uso.

Alisimama. Ilikuwa siku ya soko Migwani, kelele za mbuzi na za wauza nguo zimepandana, lakini mtu hawezi kuikosa sauti yake. Ilikuwa ile sauti ya kuanzisha wimbo, inayokwaruza kidogo mwanzoni kama jogoo mchanga kisha ikapanda, na nyuma yake wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, wakiitikia, majembe yao yakigonga mawe.

*Haragwe moja limeingia sufuriani,*
*linamwita mwenzake, haliitikiwi.*

Watu walikuwa wamejazana mlangoni kwa Abdulatif, fundi wa redio na mwuzaji wa kanda za kaseti. Mwuza tumbaku mmoja akamwona, akawapisha wengine kwa fimbo.

"Mama Kalekye, kumbe siku hizi unakaa ndani ya redio? Mumeo Nzomo anajua uko humo?"

"Yeye ndiye alinifungia humo apate kulala," Ndila akamjibu, na watu wakacheka.

"Sisi tulijua unaongea sana," mwingine akasema. "Hatukujua kuna kitufe cha kukuzima."

Abdulatif alimtolea kiti, akamfungulia soda. Wiki kadhaa nyuma huyu Abdulatif alikuja mtaroni walipokuwa wakilima, redio kaseti yake kaishika kwa mkono kama mkoba, akaiweka juu ya kichuguu, akaomba waimbe kama wanavyoimba siku zote wasijali. Wakasahau kama ipo. Baadaye aliwaletea sukari na majani ya chai, wakamwombea baraka, wakadhani yameishia hapo. Na wewe mama unayesoma, ungedhani nini? Mtu ameomba wimbo, umempa wimbo, ametoa sukari.

"Mama, kanda zimeisha," Abdulatif akasema. "Mpaka zile nilizokuwa nimeweka za nyimbo za Zaire nimerekodia juu yake. Wiki iliyopita dereva wa lori la ng'ombe amebeba furushi zima, anasema huko barabara ya Mombasa hoteli zote zinaitaka."

Ndila aliinywa ile soda polepole. Kwa nini asinywe polepole? Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtolea kiti sokoni. Aliweka mguu mmoja mbele, akaisikiliza sauti yake kama mtu anayesikiliza mwanawe akisoma mbele ya shule. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kisha ile sauti ikasema:

*Ni kwa Syokau wa Mbooni, panapolala mawingu,*
*muthokoi wake mtu huula na tochi, anatafuta haragwe.*

Ndila akaiondoa chupa mdomoni. Watu walicheka tena, ila yeye hakusikia kicheko chao. Alikuwa amesahau, haki ya Mungu alikuwa amesahau kabisa kwamba alitaja jina.

"Abdulatif," akasema, "lile lori umesema lilienda wapi?"

"Makindu, mama."

Akaiweka chupa chini, haijaisha, akainua kiondo chake.

*

Syokau wa Mbooni alikuwa mama yake Mwangangi, na Mwangangi ndiye aliyekuwa anamwoa Kalekye, binti wa Ndila. Kilichobaki kilikuwa ntheo tu, wale mbuzi watatu ambao kwetu Ukambani ndio ndoa yenyewe. Mwanamke anaweza kuvikwa pete kanisani, akazaa, akazeeka, na kama mbuzi wa ntheo hawakuingia kwa baba yake, huyo bado ni msichana wa kwao aliyetoka kutembea. Mbuzi walikuwa waje baada ya mavuno ya mahindi. Syokau alikuwa ameshawafunga kando, wasichanganyike na wengine.

"Ulitaja jina lake?" Nzomo akauliza. Alikuwa ameketi nje ya nyumba akishona kiatu kwa waya, na waya ukabaki hewani.

"Nilitaja."

"Jina lake la kubatizwa ama la kwao?"

"Kwani kuna tofauti? Syokau ni Syokau. Baba Kalekye, ilikuwa wimbo wa mtaroni. Si unajua ya mtaroni huishia mtaroni?"

"Najua. Lakini naona mtaro umefika Makindu."

Ndila hakuwa mwovu, na hili ni vizuri lisemwe. Mwaka uliotangulia, mara tu baada ya ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada, walialikwa Mbooni waone mahali ambapo binti yao ataolewa. Walipanda mlima wakitarajia. Mbooni ni kwenye mvua, Mbooni kuna matunda, watu wa huku chini kwenye vumbi wakilala na njaa huota wako Mbooni. Wakawekewa muthokoi, mahindi ya kukobolewa yapikwayo na maharagwe. Mahindi yalikuwa mengi, meupe, yamekobolewa vizuri, lakini maharagwe yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Ndila alikula, akashukuru, akarudi nyumbani na ile habari tumboni ikimshibisha kuliko chakula. Siku ya mwethya iliyofuata akaitoa. Wanawake walicheka hadi mmoja akaangusha jembe, na tangu hapo ukawa wimbo wao wa kulimia. Huo ndio ucheshi wa mtaroni, bila huo ule udongo hauchimbiki.

"Labda hatasikia," Ndila akasema.

Nzomo akarudi kwenye kiatu chake. "Omba betri ziishe nchi nzima," akasema.

Kalekye alikuwa jikoni akichochea moto. Aliendelea kuuchochea hata ulipokuwa umeshawaka. Mama anayemjua binti yake huogopa zaidi siku ambayo hasemi neno.

*

Mwangangi alikuja Jumapili, akitokea Makindu ambako alikuwa fundi wa matairi kando ya barabara kuu. Kwa kawaida akifika hupiga hodi huku akiwatania mbuzi. Siku hiyo aliketi juu ya jiwe, nje, kofia mkononi. Kalekye alimletea uji akauweka chini miguuni pake, nao ukaanza kutanda ngozi.

"Baba," akamwambia Nzomo, bila kumtazama Ndila, kwa maana kijana wa Kikamba hamkazii macho mama mkwe, hata kwa hasira. "Sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu sikutaka mletewe habari na mtu wa soko."

"Sema, mwanangu."

"Mama alishuka Makindu kuuza maparachichi. Akaingia hotelini kunywa chai. Ile kanda ikawa inapigwa. Yeye kwanza alikuwa anatikisa kichwa, anasema hawa wanawake wanajua kuimba." Akaigeuza kofia mkononi. "Mtu wa meza ya karibu akaletewa githeri, mahindi na maharagwe. Akamwita mhudumu, akamwuliza, 'Hebu angalia, hili haragwe langu limeitikiwa ama liko peke yake?' Hoteli nzima ikacheka. Halafu wimbo ukataja jina. Na mama yangu yuko pale, na wale wanawake aliopanda nao gari kutoka Mbooni wako pale, na wote wanamjua."

Nzomo aliinamisha kichwa.

"Alifanya nini?" Ndila akauliza kwa sauti ndogo.

Mwangangi alijibu huku akiangalia uji. "Alilipa chai ambayo hakuwa amekunywa. Akaacha maparachichi yake pale pale na kikapu chake. Mimi ndiye nilienda kukichukua. Alipofika nyumbani alifungua wale mbuzi watatu, akawarudisha kwa wengine."

Kule jikoni sufuria ilianguka. Hakuna aliyekwenda kuiokota.

"Na wewe?" Nzomo akauliza. "Wewe kama wewe, unasemaje?"

"Mimi namtaka Kalekye, baba. Lakini mtu hawezi kufunga mbuzi ambao mama yake amefungua. Mzee wangu anasema wanawake waliachana kwa wimbo, wanaume hawana kamba ya kuwaunga tena."

Alipoondoka, Kalekye alimsindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa. Aliporudi alimpita mama yake kama anavyompita ng'ombe wa mtu.

"Kalekye."

"Mama, niache tu."

"Ningejua ile mashine—"

"Si mashine, mama. Mashine haikupanda Mbooni ikala chakula cha watu." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akaongeza jambo ambalo Ndila alikaa nalo siku nyingi. "Kila siku unaniambia nichunge mdomo nikiolewa. Mimi bado sijaolewa, na mdomo ulioniharibia si wangu."

*

Siku ya pili yake Ndila alikuwa mlangoni kwa Abdulatif kabla hajafungua mbao za dukani.

"Ifute," akasema.

"Salama, mama? Umeamkaje?"

"Ifute ile sauti yangu. Yote."

Abdulatif aliingia ndani, akatoa kanda moja, akaitia kwenye mashine. "Hii naweza kufuta sasa hivi ukiona kwa macho yako. Na zilizo rafuni naweza kufuta. Lakini mama, wallahi, zile zilizokwenda siwezi kuzifuata. Mtu akinunua moja, jirani yake ana ile redio ya kutia kanda mbili, anatoa nyingine. Yule naye ana shemeji. Hata mimi mwenyewe juzi mtu amekuja kuniuzia kanda yangu, anasema ni mpya kutoka Mombasa."

"Kwa nini hukuniambia utauza?"

"Kwa nini hukuniambia umetaja mtu?" Kisha akaona uso wake, akapunguza. "Mama, mimi Kikamba nakisikia cha sokoni tu. Ule wimbo kwangu ulikuwa wa chakula. Mimi nilidhani Syokau ni aina ya muthokoi."

Siku nyingine Ndila angecheka. Aliketi kwenye kile kiti chake cha heshima na kulia kidogo, uso kwenye kanga, kama mtu anayejifuta jasho. Abdulatif hakujua afanye nini na mikono yake. Akaigeuza ile kanda upande wa pili, akabonyeza, ikawa inatoa sauti ya upepo tu, kama mvua ya mbali.

"Upande huo una nini?" Ndila akauliza.

"Hauna kitu. Nyimbo zenu zilijaza upande mmoja."

Ndila alibaki akiusikiliza ule upepo. Sasa, wanawake wa mwethya walikuwa na sheria yao, tena walikuwa nayo kabla Ndila hajazaliwa. Mtu akitajwa kwenye wimbo, ana haki ya kujibu siku ya kulima inayofuata. Na aliyemtaja hujibiwa akiwa ameinama na jembe. Haruhusiwi kunyoosha mgongo mpaka wimbo wa mwenzake uishe, uwe mfupi uwe mrefu. Ndiyo maana watu walitukanana mtaroni miaka na miaka na bado wakaazimana chumvi jioni. Hakuna aliyeimbwa akakosa zamu. Ndila alikuwa amejibiwa mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na mgongo wake ulikuwa shahidi.

"Yule nimemwimba, na sikumpa zamu," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Nimemtukana mtu kisha nikamfungia mlango."

"Mlango upo, mama," Abdulatif akasema, akiigonga ile kanda kwa kucha. "Nusu saa nzima. Mtu ndiye hayupo."

Ndila akamtazama. Akasimama. "Unapanda mlima wewe?"

"Mimi nina mguu mbovu."

"Sijauliza mguu. Nimeuliza kama unapanda."

*

Nzomo alikataa, kisha akakataa tena. Mtu haendi kwa wakwe bila kuitwa, na asiyeitwa haendi na kundi la wanawake wenye majembe.

"Angalau ubebe kitu," akasema mwishowe, alipoona kwamba anabishana na ukuta. "Beba asali. Na ukibeba maharagwe, mke wangu, usirudi hapa, kwa sababu utakuwa umemtukana mara mbili."

Alibeba jembe tu.

Walitoka wanawake wote wa mwethya, isipokuwa mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga, naye alituma jembe lake libebwe na wenzake, lisikose. Walisafiri kutwa, wakalala kwa jamaa za mmoja wao chini ya mlima, na asubuhi wakaanza kupanda. Njia za Mbooni zinapanda kama ngazi iliyoegemezwa vibaya. Ukungu ulikuwa haujainuka, na wale wanawake wa nchi kavu walikuwa wakitetemeka na kulalamika kwamba watu wa huku hawahitaji maharagwe, wanahitaji moto. "Nyamaza," Ndila akamwambia aliyesema. "Hapa hatusemi habari za chakula. Chakula hakitajwi leo hata kwa bahati mbaya." Abdulatif alikuja nyuma, mashine ameifunga kwa koti lake mwenyewe, yeye amebaki na shati.

Mzee Mutunga, mume wa Syokau, ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa akifungua zizi. Aliwatazama wanawake, akayatazama majembe.

"Mmekuja kumzika nani?" akauliza.

"Tumekuja kuuzika mdomo wangu, mzee," Ndila akasema. "Tuonyeshe tu mahali penye udongo mgumu."

Uso wa mzee ulitaka kufanya kitu, akauzuia. Akaelekeza kwa kidevu.

Syokau alikuwa ameketi uani akipepeta mahindi kwa ungo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa kuketi wima hata kwenye kigoda. Hakuinua macho.

"Karibuni," akasema. "Leo sijapika."

"Hatujaja kula, mama Mwangangi. Tumekuja kulima."

"Shamba langu lina mwenyewe."

"Ndiyo. Na tuta lake la chini limebomoka, nimeliona nikipanda."

Syokau aliendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yakiruka na kuwaangukia wageni miguuni, na hakuna aliyesogea. Ndila aliona kwamba akingoja aambiwe ndiyo, jua litazama. Akageuka, akashuka kwenye lile tuta lililobomolewa na mvua, akatema mate mikononi, akaanza. Wenzake wakashuka mmoja mmoja. Walichimba mtaro, wakarusha udongo juu, na hakuna aliyeimba. Kama umewahi kuona mwethya unalima bila wimbo basi umeona msiba. Majirani walianza kutoka nje na kusimama kwenye vilima vyao, kimya, wakitazama wanawake wageni wakilima kwa mtu kama wafungwa.

Jua lilipokuwa limeshika, Ndila aliona miguu imesimama juu ya tuta, mbele ya jembe lake. Hakunyoosha mgongo.

"Wewe ndiwe Ndila wa wimbo," Syokau akasema, kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Ni mimi."

"Nikuambie kitu kuhusu yale maharagwe."

"Niambie."

"Ile njaa ilifika hadi huku. Ninyi mnadhani mawingu yanaliwa. Maharagwe tuliyala na kuyauza mpaka tukabaki na ya mbegu, kibuyu kimoja, nimekifukia majivuni. Mume wangu akasema wageni wanakuja kuona nyumba, tutawapa nini? Nikasema nitafute kwa majirani. Majirani hawakuwa na kitu. Nikafungua kile kibuyu." Alilisukuma bonge la udongo kwa mguu. "Yale uliyokuwa unatafuta na tochi, mama Kalekye, yalikuwa mbegu zangu. Mvua ilipokuja, shamba hili unalolima lilikaa wazi."

Jembe la Ndila lilisimama hewani. Wanawake wote walikuwa wamesikia, na majembe yakasimama moja moja.

"Sikujua," Ndila akasema.

"Ungeuliza. Mtu akiuliza hupata jibu. Wewe ulitaka wimbo."

Neno hilo lilimwingia Ndila mpaka mfupani, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Hakutafuta la kujitetea. Akalishusha jembe mpaka likagusa udongo.

"Mama Mwangangi," akasema mwishowe, akiwa bado ameinama, "kwetu mtu akiimbwa hupewa zamu. Najua hata kwenu ni hivyo. Zamu yako niliiacha Migwani, na sasa nimekuletea. Sitanyooka mpaka uniambie umemaliza. Niimbe jina langu, uniimbe na nyumba yangu, uimbe chochote. Yule fundi ameleta mashine. Kila mahali wimbo wangu umefika, wako utafika. Ukikataa, nitalima tuta hili liishe, tutaondoka, na Kalekye nitamwambia mimi mwenyewe kwamba amekosa nyumba nzuri kwa ajili yangu."

Syokau aligeuka. Abdulatif alikuwa amekaa kwenye jiwe, redio kaseti magotini, anakohoa kwa baridi.

"Hicho kidude ndicho kilinicheka Makindu?"

"Ndicho, mama," Abdulatif akasema. "Lakini chenyewe hakina akili. Kinasema kile kinachoambiwa."

"Basi hakina tofauti na watu wengi." Alimtazama kwa muda. "Kisogeze. Sauti yangu si ya kupiga kelele sokoni. Ni ya kanisani."

Abdulatif alichechemea mpaka pale, akaiweka mashine juu ya udongo mpya, akabonyeza vitufe viwili pamoja, cheusi na chekundu. Syokau alifunga leso yake kiunoni. Alianza taratibu, kama kweli yuko kanisani, na wale wanawake walitazamana, kwa maana sauti ile ilikuwa safi na ya chini, ya kumlaza mtoto.

*Mgeni alitoka kwenye vumbi, nikamwekea mbegu zangu,*
*akazila akiziita mboga, akaramba na kijiko.*

Wanawake wa Migwani waliitikia, kwa sababu koo la mwethya haliwezi kukaa na wimbo usioitikiwa. Majembe yakapata mwendo. Majirani kule vilimani wakaanza kushuka.

*Ndila wa Nzomo, mdomo wake ni sufuria bila kifuniko,*
*kila kinachochemka humo mtaa mzima hunusa.*

"Hapo amesema," mwanamke mmoja wa Migwani akanong'ona. "Nyamaza uitikie," mwenzake akamwambia.

*Sasa nimepanda tumboni mwake, nangoja mvua.*
*Yakiota, enyi wanawake, tutapalilia wapi?*
*Tutaweka miti kwapani, maharagwe yapate kupanda,*
*na Nzomo akitaka kulala, kwanza ang'oe magugu.*

Hapo Mbooni nzima ilianguka kicheko. Mzee Mutunga aliingia zizini apate kucheka mahali ambapo wakwe hawamwoni, na mbuzi wakashtuka. Ndila mwenyewe, uso umeelekea chini, machozi yalikuwa yakidondoka kwenye mtaro, na kama ni ya kicheko ama ya kilio hata yeye hakujua. Mgongo uliwaka moto. Syokau aliona, na akaongeza beti. Aliimba juu ya miguu ya Ndila, akaimba juu ya namna alivyosema asante siku ile huku macho yanachungulia sufuria, akaimba jinsi atakavyokuwa anaitwa Makindu. Kila alipoonekana kumaliza, alivuta pumzi na kuanza tena, na kanda ilikuwa inazunguka. Ndila hakunyooka.

Kisha Syokau akapunguza sauti, ikawa ile ya kanisani tena.

*Shamba la tumboni liko mbali, mimi siwezi kulichunga.*
*Nitatuma mbuzi watatu Migwani wakaangalie mbegu zangu.*
*Mwangangi, mwanangu, shika kamba, watangulize mbele,*
*waambie wasirudi huku, wabaki huko huko wakingoja.*

Kwa muda kidogo hakuna aliyeitikia, kwa sababu kila mmoja alikuwa akihakikisha kwamba amesikia vizuri. Mbuzi watatu. Wasirudi. Kisha mmoja akapiga kigelegele, na mlima wote ukakijibu.

"Nimemaliza," Syokau akasema. "Nyooka, muthoni, mkwe wangu."

Ndila alijaribu. Mgongo ulikataa. Syokau alishuka tutani, akamshika kwapa na kumwinua kidogo kidogo, kama mtu anayenyoosha waya uliopinda, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nyimbo zako huwa ndefu hivi?" Ndila akauliza.

"Hapana. Hii nilikuwa nayo tangu Makindu."

Akalichukua jembe mkononi mwa Ndila, akaingia mtaroni mahali pake, na akaanza kulima.

*

Upande wa pili wa ile kanda ulienda mbali kuliko wa kwanza. Makindu yule mtu wa githeri, nasikia, aliulizwa na mhudumu kama angependa magugu yake yang'olewe kabla ya kula, akahama hoteli. Migwani watoto walimwita Nzomo mpaliliaji, naye akajifanya ameudhika.

Lakini mama mwenzangu, usisikie kicheko hiki ukadhani mambo huisha hivi kila mara. Ndila alimpata mwanamke mwenye moyo mpana kuliko wimbo. Na kama angempata wa namna nyingine? Siku hizi kila nyumba ina kitu cha kudaka sauti, kidogo hata cha kutia mfukoni, na watoto wetu wanakiweka mezani huku tunaongea. Neno lililotoka mdomoni zamani lilikufa jioni. Sasa halifi. Kabla hujamtaja mtu kwa kicheko, kwanza jiulize kama ulimwuliza.

Wale mbuzi waliingia Migwani siku ya soko, kwa maana Mwangangi hakutaka kupita njia ya nyuma. Aliwatanguliza mbele, wanono, wameoshwa, kamba zao mpya, akapita nao katikati ya wauza nguo na wauza tumbaku, na soko likamfuata. Kalekye alikuwa amesimama penye ua wa minyaa, amevaa gauni la kwenda kanisani, mikono haijui ikae wapi. Mama yake alikuwa kando yake, karibu mpaka mabega yanagusana.

"Mama Kalekye," yule mwuza tumbaku akaita kutoka mbali, "wakaguzi wa shamba wamefika. Tuwaambie nini?"

Ndila aliliweka tumbo lake mbele, akalipigapiga kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Waambie waingie," akasema. "Yameota."